Yatima 38 Zimefichwa

Mambo yaliharibika Jumanne ya tarehe nne, saa tatu na dakika kumi asubuhi, na yaliharibika mbele ya wageni. Mkurugenzi wa kituo cha viungo bandia alikuwa amesimama ukumbini, suti imepigwa pasi mpaka inakata, anawaonyesha wageni kumi na wawili skrini kubwa iliyotundikwa ukutani. Kwenye skrini hiyo ilitakiwa itokee orodha ya watu wote wanaosubiri miguu na mikono: jina la mtu, kiungo anachongojea, na jina la mpimaji aliyemchukua vipimo. Orodha ilianza kushuka vizuri, jina la kwanza, la pili, mpaka la kumi na moja. Hapo ukurasa ukakatika na skrini nzima ikawa nyeupe kama shuka la hospitali. Mgeni mmoja akakohoa. Mwingine akauliza kama umeme umekatika, na taa zote zinawaka.

Dakika ishirini baadaye orodha ilirudi, safi, haina doa. Wageni walipiga makofi, wakapigwa picha, wakaenda zao. Hakuna aliyehesabu majina.

Wiki tano zilipita, na Jumatano moja asubuhi ndipo akaja mtu wa kuhesabu.

Walimwita Tochi. Jina la kuzaliwa lilikuwa kwenye kitambulisho chake na kwingine halikutumika. Alikuwa askari wa upelelezi miaka ishirini na sita, elimu yake darasa la saba, na cheo chake hakikusogea kwa sababu kila mwaka walipandishwa waliojua kuandika ripoti, siyo waliojua kumkamata mtu. Alipostaafu, ofisi ya malalamiko ilimchukua kwa mkataba, ikampa meza yenye droo isiyofunga na kazi ambazo wenye digrii walizikimbia. Yeye alizipenda. Jina la Tochi alilipata kwa tabia yake ya kumulika chini ya meza kabla hajamtazama mtu usoni.

Ofisi ya Mkurugenzi ilikuwa na zulia linalomeza nyayo na kiti cha mgeni kilichokatwa miguu kidogo, ili anayekaa amtazame mwenyeji kutoka chini. Tochi alikikagua kiti kile, akakata shauri kubaki wima. Katika kituo kizima cha kutengeneza miguu, alijiambia, hiki ndicho kitu pekee kilichopunguziwa miguu kwa makusudi.

Mkurugenzi alieleza haraka, kama mtu anayesoma hotuba aliyoandikiwa. Malalamiko yalikuwa tisa. Watu waliopimwa, waliopigwa plasta ya kuchukulia umbo la kiungo, waliopewa tarehe, walifika dirishani wakaambiwa majina yao hayapo. Mmoja wao alikuwa mwalimu wa shule, na walimu wanajua kuandika barua, ndiyo maana jambo lilifika ofisi ya malalamiko kabla halijapoozwa. Lakini mhalifu, alisema Mkurugenzi, alikwisha patikana. Ni karani wa orodha, yule mama wa dirishani ambaye kila mtu humwita Dada Foleni kwa kuwa ndiye aitaye majina. Barua ya kumfukuza kazi ilikuwa mezani, imechapwa, inangoja kalamu.

"Karatasi hii ilikuwa kwenye droo yake, chini ya sweta," Mkurugenzi alisema, akaisukuma mbele kwa ncha ya kidole. "Soma mwenyewe."

Tochi alivaa miwani. Ilikuwa karatasi iliyochapwa kwa mashine, haina jina wala sahihi. Yatima 38 zimefichwa. Zisionekane kwenye orodha mpaka zipate mzazi.

"Umeona ukatili huo, Mzee? Anawaficha yatima wa watu. Na unajua kwa nini? Yeye analea watoto wawili wa marehemu dada yake. Mmoja wao, binti, alikuwa anangojea mguu hapa hapa. Ameupata wiki ya tatu tangu wageni waondoke. Wiki ya tatu, wakati wengine wanazungushwa."

Tochi aliisoma mara ya pili, midomo ikicheza kidogo, kisha akaikunja akaitia kwenye bahasha ya ushahidi na kuandika saa. Aliuliza barua ya kufukuza itasainiwa lini. Aliambiwa saa nane mchana, na polisi wataitwa saa nane na dakika moja.

"Basi tutaonana kabla ya saa nane, Mkuu," alisema, akatoka. Ilikuwa saa mbili na nusu.

Ukumbini watu walikuwa wamejaa kwenye mabenchi, wengine na magongo, wengine na miguu mipya inayolia kwi-kwi kama mlango unaohitaji mafuta. Dada Foleni alikuwa dirishani kwake, mwanamke mnene mwenye sauti ya kumfikia aliye nje ya geti. Alikuwa bado anaita majina ingawa kikombe chake, kalenda yake na slipa zake za ofisini zilikwisha fungwa kwenye mfuko wa plastiki. Habari zilikuwa zimemfikia. Habari mbaya za mdogo huwa hazichelewi ofisini. Za mkubwa ndizo hupotea njiani.

Tochi alimwomba apumzike kuita, wakaingia chumba cha nyuma ya dirisha. Alimulika kwanza: droo tatu, sweta la kijani, kompyuta moja, printa kubwa pembeni ambayo, karani alieleza, inatumiwa na ofisi zote za ghorofa ya chini na wakati mwingine za juu. Ndipo akamtazama usoni. Macho yalikuwa mekundu, lakini kidevu kilikuwa juu.

"Mzee wangu, shikamoo. Miaka tisa naita majina hapa," Dada Foleni alisema. "Nimewahi kulikosea jina, nimewahi kulitamka vibaya mpaka mwenyewe akacheka. Kulifuta, sijawahi. Hata kufuta kwenyewe sijui panabonyezwa wapi."

"Marahaba. Na mguu wa binti?"

"Foleni ilifupika, jina lake likapanda. Nilifurahi. Ungekuwa wewe, ungenuna?"

Tochi alikubali kwamba asingenuna. Aliuliza kuhusu karatasi, na hapo ndipo kidevu kiliposhuka. Karani alisimulia taratibu. Aliikuta kwenye trei ya printa mchana wa Jumanne ile ya wageni, katikati ya karatasi za watu wengine. Akaisoma, moyo ukamlipuka. Alielewa kwamba wakubwa wamepitisha uamuzi: mtoto asiye na mzazi hatapewa kiungo mpaka mzazi aonekane. Alijua maamuzi ya wakubwa yanavyokuja, ghafla, bila mlango wa kubisha. Wale wa kwake wangemleta mzazi gani, na dada yake amelala makaburini mwaka wa nne? Akaificha karatasi. Hakumuuliza mtu, kwa kuwa kuuliza ni kuelekeza watu macho kwa yule binti. Alinyamaza, akangoja mguu ufike. Ulipofika, akaendelea kunyamaza kwa aibu.

Kwa mpelelezi wa haraka haya yangetosha. Karatasi imekutwa kwake, faida ameipata, kuficha amekiri. Kesi zenye afya mbovu kuliko hiyo zilikwisha peleka watu jela. Tochi aliandika yote, akapiga mstari chini, akaomba funguo za kabati la kadi.

Kituo kile, bahati nzuri, kilikuwa bado hakijatupa kadi. Kila aliyepimwa alikuwa na kadi yake ngumu ya manjano: umbo la kigutu limechorwa, urefu, mzingo, tarehe. Mkurugenzi alikuwa ameagiza zichomwe tangu mwaka jana, maana kila kitu sasa kiko kwenye kompyuta, lakini wapiga plasta walizificha nyuma ya magunia wakisema fundi hapimi kwa kioo cha kompyuta. Agizo la kijinga likikutana na fundi mkaidi, mara nyingi fundi ndiye anayeiokoa serikali.

Tochi aliomba orodha ichapwe kutoka kompyutani. Akabeba kadi zote za wanaongojea mpaka chumba cha plasta, akazipanga juu ya meza ndefu iliyojaa vumbi jeupe, akaanza kuoanisha: kadi moja, jina moja, alama ya kalamu. Kazi ya punda, na yeye aliifurahia kama wengine wanavyofurahia bao. Dirisha lilikuwa wazi, jua linaingia, na mpiga plasta mmoja, mwanamama mwenye mikono myeupe mpaka viwiko, alikuwa akikoroga ndoo yake na kumtania kwamba kama anatafuta mguu wa kuazima wa kwenda nao kwa wakwe, ule wa saizi yake umekwisha. Tochi alimjibu kwamba wakwe zake walimzoea na kasoro zake zote.

Ilipofika saa tano na robo alikuwa na jibu la kwanza. Kadi zilikuwa mia mbili na tatu. Majina kwenye orodha, mia moja sitini na matano. Kadi zilizokosa jina zilikuwa thelathini na nane kamili.

Alizitenga. Kisha akazisoma moja moja, na hapo nadharia ya Mkurugenzi ikaanza kuchechemea. Kadi ya kwanza ilikuwa ya mwashi wa miaka sitini na mmoja. Yatima gani wa miaka sitini na mmoja anayedaiwa mzazi? Ya tano ilikuwa ya pacha mmoja, na baba na mama wote wawili wametia sahihi. Ya kumi na mbili ilikuwa ya yule mwalimu mlalamikaji, na Tochi alikuwa amemwona ukumbini asubuhi ileile, ameegemea magongo, mama yake mzazi yuko kando yake anamlazimisha anywe maji.

Yatima hawakuwemo. Au, kama walikuwemo, ni kwa bahati tu. Basi watu hawa thelathini na wanane walifanana nini? Hawakufanana umri. Hawakufanana kiungo, palikuwa na miguu ishirini na sita na mikono kumi na miwili. Hawakufanana mtaa. Tochi alizipindua kadi, akazitandaza zote kwa upande wa nyuma, na kitu kikamrukia machoni kabla hajakitafuta. Maelezo ya mpimaji huko nyuma, kwenye zote, yalikuwa kwa wino wa kijani.

"Wino huu wa nani?" alimuuliza mpiga plasta.

Mwanamama hakuhitaji hata kusogea. Alisema ni wa Mzee Futi, mpimaji wao wa zamani, aliyekuwa anatembea na utepe shingoni hata akienda msalani. Alistaafu miezi saba iliyopita. Walimuaga kwa soda na kapu la maua ya plastiki, kwa sababu Mkurugenzi alikuwa safarini na ufunguo wa stoo ya zawadi.

Tochi alitoa ile karatasi kwenye bahasha, akaishika kwa kingo. Kulikuwa na kitu kilichokuwa kinamkera tangu asubuhi, kama mchanga ndani ya kiatu. Marehemu mke wake alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, na kwa miaka thelathini alimsahihisha ngeli mezani, hata siku aliyofia kwenye foleni ya hospitali, wakubwa wa hospitali wamekwenda semina. Akamwita Dada Foleni, akamsimamisha mlangoni, asiguse kitu.

"Nisomee hii, dada. Kama unavyoita majina. Polepole."

Karani alisoma kwa sauti yake ya kufika getini. "Yatima thelathini na nane zimefichwa. Zisionekane kwenye orodha mpaka zipate mzazi."

"Wale watoto wako wawili, usiku ukiwafunika, ukimwambia jirani, utasema zimelala?"

"Zimelala ni nguo, Mzee? Wamelala." Akaitazama tena karatasi kutoka mbali, macho yakakaza. "Zimefichwa," alirudia, safari hii kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia ukumbini. "Siyo watu."

"Siyo watu. Aliyeandika hapa alikuwa anasema juu ya vitu. Nguo, kadi, meza, sijui. Vitu vinavyoitwa yatima na vyenye mzazi. Nani humu ndani ana lugha ya hivyo?"

Mpiga plasta ndiye aliyejibu, bila kuacha kukoroga. Alisema mtu mwenye lugha isiyoeleweka hapo kituoni ni mmoja tu, anakaa chini ya ngazi, na wao humwita Miwani.

Chini ya ngazi palikuwa na chumba kisicho na dirisha ambacho zamani kilihifadhi mifagio. Fundi wa mfumo alikuwa mtu mwembamba wa makamo, miwani mizito, sweta limetoboka kiwiko, feni ndogo inaipulizia kompyuta na siyo yeye. Alionekana kufurahi sana kutembelewa. Tochi hakumwambia habari za barua wala polisi. Alimuuliza tu, kama mtu anayeuliza njia, yatima ni nini.

Miwani alikuwa na jibu kabla swali halijaisha. Yatima, alieleza, ni rekodi. Kwenye mfumo, kila mgonjwa ana rekodi yake, na rekodi hiyo haina jina la mpimaji, ina namba yake tu. Mgonjwa fulani amepimwa na namba saba. Ukitaka kujua namba saba ni nani, unakwenda jedwali jingine, la wapimaji, unamkuta. Yule wa namba saba ndiye mzazi. Wagonjwa wake ndio watoto. Mzazi akifutwa, watoto wanabaki na namba isiyo na mwenyewe. Hizo ndizo rekodi yatima.

"Sasa ukurasa wa ukumbini unafanyaje?" Tochi aliuliza.

"Ule ni kiolezo, Mzee. Chukua kama fomu yenye matundu. Tundu la jina, tundu la kiungo, tundu la mpimaji. Ukurasa unazunguka kwa kila mgonjwa, unajaza matundu. Ukifika kwa mgonjwa ambaye mpimaji wake hayupo, unaomba jina la mtu asiyekuwepo. Unakufa hapohapo, ukurasa wote." Miwani aliinamisha kichwa. "Kosa la kwanza ni langu, nalikiri. Kiolezo nilikiandika kwa imani kwamba mzazi yupo siku zote. Mtu asiandike hivyo. Unatakiwa uulize kwanza: yupo? Kama hayupo, sema hayupo, usonge mbele."

Tochi aliuliza kwa nini basi hakikusema hayupo. Hapo Miwani alivuta kiti karibu, akateremsha sauti, kisha akaona hakuna wa kumsikia akairudisha.

Jumanne ile, alisimulia, simu ililia saa tatu na robo. Mkurugenzi, wageni mgongoni, sauti ya mtu aliyekanyagwa. Miwani alichungulia, akaona shida: mpimaji namba saba hayumo, ana watoto thelathini na wanane. Alimweleza Mkuu kwamba dawa zipo mbili. Ya kwanza, kwenye lile tundu liandikwe maneno mawili, Mpimaji hajulikani, na watu wote wabaki kwenye orodha. Ya pili, kila mgonjwa asiye na mpimaji arukwe, asionekane kabisa, mpaka mzazi apatikane. Ya kwanza ndiyo sahihi. Ya pili ndiyo inayopendeza macho.

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Sitaki kuona hajulikani kwenye kituo changu. Ficha.' Akakata simu."

Maneno ni upepo, na Tochi alikwisha ona wakubwa wengi wakiukana upepo. Alitaka kitu cha kushika. Miwani alimgeuzia kioo. Ndani ya kile kiolezo, katikati ya alama ambazo kwa Tochi zilikuwa kama nyayo za kuku, palikuwa na mstari mmoja wa Kiswahili, maelezo ambayo mafundi hujiandikia: Ruka yatima. Agizo la Mkurugenzi kwa simu, Jumanne tarehe 4, saa 3:18. NI YA MUDA. Siku hiyohiyo alimpelekea Mkuu ujumbe wa kumkumbusha, na maneno yake ndiyo yaleyale ya kwenye karatasi. Lakini Mkuu hasomi kwenye kioo. Katibu wake lazima kila ujumbe auchape. Na printa ya ghorofa ya juu, kila mtu kituoni anajua, ikikosa karatasi hutupa kazi zake kwa printa ya chini, nyuma ya dirisha la Dada Foleni.

Tochi alinakili mstari ule kwa mkono, herufi moja moja, akamwomba Miwani atie sahihi. Saa ilikuwa saba na dakika arobaini.

Mkurugenzi alimpokea na kalamu mkononi. Tochi safari hii alivuta kiti cha mezani, kile kirefu cha katibu, akakaa, wakawa macho kwa macho. Aliweka mezani vitu vinne kwa utaratibu: orodha yenye alama, kadi moja ya wino wa kijani, karatasi ya yatima, na mstari wenye sahihi ya Miwani. Akasimulia kwa mpangilio huohuo, bila kupandisha sauti, akimalizia na lile neno moja lililosemwa kwenye simu.

Mkurugenzi alilegeza tai. Alisema kwamba mtu wa nafasi yake hawezi kukumbuka kila simu. Baadaye alisema kwamba mafundi hawa hawana lugha. Mwisho akasema, kwa sauti ya kujitetea kama ya mwanafunzi, "Sikumaanisha wafichwe watu, Mzee. Nilimaanisha lifichwe kosa."

"Kosa lilikuwa na majina thelathini na nane, Mkuu."

Barua ya kufukuza haikusainiwa, ilichanwa. Tochi hakuridhika na kuchanwa kwake, maana barua inayochanwa huwa na nakala. Alingoja mpaka Mkurugenzi alipoandika nyingine kwa mkono wake, mistari mitatu, kwamba tuhuma dhidi ya karani zimefutwa na hazina msingi, akaikunja akaipeleka mwenyewe dirishani. Dada Foleni aliisoma kimya mara mbili. Kisha akafungua mfuko wa plastiki, akatoa kikombe, akakiweka mahali pake, akatoa slipa, akazivaa, akasema tu kwamba miguu ilikuwa imemvimba.

Miwani alipandishwa kutoka chini ya ngazi akiwa na kompyuta yake kwapani, anapepesa macho kwa mwanga. Kazi yenyewe haikumchukua dakika tano. Aliufuta mstari wa kuruka, akaandika mwingine mahali pake: uliza kama mpimaji yupo, kama hayupo andika maneno mawili. Kisha akabonyeza, na ukumbi mzima ukageuza shingo kwenye skrini.

Majina yalishuka. Lilipofika la kumi na mbili, ambapo Jumanne ile kila kitu kilikufa, halikufa kitu. Pale kwenye tundu la tatu pakatokea Mpimaji hajulikani, na jina la yule mwalimu likasimama kando yake, jeusi, kamili. Mama yake alilisoma kwa sauti kana kwamba ndiyo kwanza anambatiza. Mwashi wa miaka sitini na mmoja hakuwepo, lakini Dada Foleni alikwisha nyanyua simu, kadi za wino wa kijani zimepangwa mbele yake, na sauti ile ya getini ilikuwa inamwuliza mtu wa mbali kama bado anautaka mguu wake, maana wao bado wanao. Mpiga plasta alitoka na ndoo kuja kutazama, akamwambia Miwani kwamba maneno yake mawili ni mabaya lakini yana adabu. Miwani alicheka mpaka miwani ikashuka.

Tochi alikula andazi lake akiwa amesimama, ameegemea nguzo. Alihesabu simu zikipigwa: sita, saba, nane. Siku njema kazini hazikuwa nyingi, na hii ilikuwa mojawapo. Alikuwa anafunga daftari lake Miwani aliposogea, sasa hacheki tena, kompyuta imefunguka mikononi.

"Mzee, kuna kitu sikukuonyesha. Hukuuliza."

Tochi alijilaumu kimoyomoyo, kwa sababu ni kweli hakuuliza. Mzee Futi alistaafu miezi saba nyuma, na kwa miezi sita jina lake lilikaa kwenye mfumo bila kumsumbua mtu. Halikujifuta lenyewe asubuhi ya wageni.

Mfumo ule, Miwani alieleza, unaweka kumbukumbu ya kila kinachofanyika. Jumanne ya tarehe nne mtu aliingia kwa akaunti ya msimamizi mkuu, ambayo neno lake la siri wanalijua watatu: Mkurugenzi, katibu wake, na Miwani mwenyewe. Akafungua rekodi ya mpimaji namba saba, akabonyeza futa. Mfumo haukukubali kimyakimya. Ulimtolea swali katikati ya kioo, na Miwani alilisoma neno kwa neno: Mpimaji huyu ana wagonjwa 38. Ukimfuta watabaki bila mpimaji. Unataka kuendelea?

"Swali lilitokea saa ngapi?"

"Saa mbili na dakika arobaini na sita."

"Na jibu?"

Miwani aliweka kidole kwenye mstari wa chini. Saa mbili na dakika hamsini. Ndiyo.

Anayebonyeza kwa bahati mbaya hujibu kwa sekunde. Anayebonyeza bila kusoma, vilevile. Huyu alisoma, akafikiri, ndipo akajibu. Tochi alichukua kalamu, akafungua daftari ukurasa mpya, akaandika zile saa mbili, moja juu ya nyingine, akazitazama. Nyuma yake Dada Foleni alikuwa anapiga simu ya tisa. Dakika nne nzima, asubuhi, kabla wageni hawajafika, mtu mmoja kati ya watatu alikaa mbele ya idadi ile ya watu akiitazama, kidole kiko juu ya kitufe. Ni nani, na katika dakika nne hizo alikuwa anangoja nini?